Kuchemsha Maji Hakuondoi Risasi

Wanachuo wenzangu, tangazo lililobandikwa mabwenini linasema maji yetu yamepimwa na ni salama. Sawa. Ila lisomeni mpaka chini: kilichopimwa ni vijidudu na klorini, basi. Risasi na aseniki hazijatajwa popote.

Ukiuliza, unajibiwa, "Aah, si tunachemsha?" Moto unaua vijidudu, metali haiui. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki sufuriani. Na hutaiona wala kuionja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, sawa na gramu moja ndani ya lita laki moja. Ulimi gani utagundua hilo? Na humu mabwenini tuna wenzetu wajawazito, ambao risasi huwadhuru mpaka mtoto aliye tumboni.

Msidhani ni shida ya nchi maskini tu. Aprili 2014 mji wa Flint, Marekani, ulianza kutumia maji ya mto bila kuyatia dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe. Risasi ya mabomba ikaingia vikombeni, huku viongozi wakisema maji yako poa. Mwaka 2015 Profesa Marc Edwards wa Virginia Tech na wanafunzi wake (wanafunzi, jamani!) walituma chupa za sampuli kwa wakazi, na nyumba 252 zikarudisha. Ndipo ubishi ukaanza kuisha.

Kule Flint wakazi waliochukua sampuli za mji walikuwa wameelekezwa wafungulie bomba dakika kadhaa usiku wa kuamkia kipimo. Maji yaliyolala bombani ndiyo yanayobeba risasi. Ukiyamwaga, umemwaga ushahidi.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi isiridhike na neno "tumepima". Sampuli ichukuliwe alfajiri, koki ikiwa haijaguswa kwa saa sita au zaidi, lita nzima ya maji ya kwanza kabisa. Halafu nyingine baada ya kuyaacha yatiririke dakika mbili. Ya kwanza ikiwa na risasi nyingi na ya pili kidogo, mshukiwa ni koki na lehemu za humuhumu bwenini. Zote zikiwa juu, tufuatilie bomba kuu na chanzo.

Wanakemia wa mwaka wa mwisho kila muhula wanahangaika kutafuta mada ya utafiti. Mada hii hapa. Bajeti ya bonanza ikipunguzwa kidogo, chupa na kemikali zinapatikana. Na tangazo lijalo litupe tarakimu, bweni kwa bweni, koki kwa koki.