UKUBWA NI KUTUNZA WATU



Mwaka 1922 marehemu Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga, Waislamu na Wakristo walikutana humo kwa hiari, si kwa amri. Walivutwa na heshima na haja ya kuendelea.

Basi sisi makarani wa Miteja twanung'unika kwamba wakubwa hawatushukuru. Je, tarishi arudiye na barua juani, sisi twamwambia ahsante? Mshahara humleta mtu kazini, bali moyo wake huletwa na haki na neno jema. Akikosa, tumwonye faraghani. Akitenda vema, tumsifu mbele ya wenzake. Atakaye ukubwa na aanzie hapo. Heshima si utumwa.