Watazamao Hawana Kosa

Mjini Tanga yapo maneno mengi juu ya michezo ya televisheni itokayo China. Jioni, Ngamiani, Makorora na Chumbageni, utawakuta vijana, na hasa dada zetu, wameizunguka simu moja au wamekaa mbele ya televisheni ya jirani, wakibishana kwa sauti. Hawabishani juu ya mpira wala bei ya sukari. Wanabishana juu ya mbweha wa kike aliyependana na mwanadamu! Wapo wazee wanaochukizwa, na wapo viongozi wanaosema kwamba vijana wamepotea na kwamba michezo hiyo ipigwe marufuku. Sisi hatukubaliani nao, na leo twataka kueleza kwa nini.

Kwanza tukiseme kisa chenyewe, maana si haki kuhukumu jambo usilolijua. Mmoja wa michezo hiyo huitwa Fox Spirit Matchmaker, nao ulionyeshwa mwaka 2024; wachezaji wake wakuu ni Yang Mi na Gong Jun. Haukuzaliwa ukiwa mchezo wa televisheni. Ulianza kuwa hadithi ya katuni, iliyochorwa na kutolewa sehemu kwa sehemu. Mwaka 2015 katuni hiyo ikafanywa picha zinazotembea, na baadaye ndipo wakaingia wachezaji, watu wa nyama na damu.

Kisa chake ni hiki. Mwanadamu huishi miaka michache, lakini viumbe wenye asili ya kijini huishi miaka mingi sana. Wawili hao wakipendana, mwanadamu hufa akamwacha mwenzake peke yake. Upo basi mti mkubwa mahali paitwapo Tushan. Wapendanao wakila kiapo penye mti ule, mwanadamu atazaliwa tena. Lakini atakuwa amesahau kila kitu. Kazi ya mbweha wa Tushan ni kumtafuta na kumkumbusha mapenzi aliyoyaapia.

Sasa wasikilizeni vijana wetu. Mmoja asema kwamba asiyekumbuka ahadi hadaiwi, maana aliyeapa alikwisha kufa. Mwenzake amjibu kwamba ahadi ni deni, na deni halifutwi na usahaulifu wa mdeni. Wa tatu auliza: na huyo mwanamke anayengoja miaka mia, ni mwaminifu au ni mtu anayejidhulumu? Mzee aliyekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa asema kwamba dini yetu haifundishi kuwa mtu huzaliwa mara mbili. Kweli, lakini hata yeye haondoki barazani mpaka ajue mwisho wake.

Je, huu ndio upotevu? Sisi twaona kwamba hii ni akili inayofanya kazi. Vijana wanapima wajibu, uaminifu na haki. Bibi zetu walipoanza kwa paukwa, nasi tukaitika pakawa, walitupeleka kwa majini na nyoka wenye vichwa saba kwa sababu hiyo hiyo: tubishane juu ya wema na ubaya bila kumtaja jirani. Mtu anayependa hadithi hana kosa. Swali letu ni jingine kabisa: hadithi hizo ni za nani, zatolewa kwa lugha ya nani, na kazi yake na faida yake huenda kwa nani?

Hapo ndipo penye jambo. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina uitwao Doudou na Mama Wakwe Zake, uliotiwa sauti za Kiswahili. Habari ya mke kijana na mama wakwe wengi ilieleweka mara moja katika nchi hii, maana mama mkwe hahitaji mkalimani. Mchezo ule ulijulikana hata Rais Xi Jinping akautaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam, mwezi wa Machi 2013. Mwaka 2016 kampuni ya StarTimes ilifanya mashindano nchini kwetu ya kutafuta watu wa kutia sauti za Kiswahili katika michezo ya Kichina, na baadhi ya washindi wakapelekwa kufanya kazi hiyo Beijing. Hayo twayasifu. Kiswahili kilimpatia kijana mkate, na mama asiyejua lugha ya kigeni alikaa mbele ya televisheni akacheka pamoja na wanawe.

Lakini hadithi nyingine za namna hii, hasa zile zinazotazamwa kwa simu, huja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Ndiyo maana utaona kijana mmoja tu ndiye asomaye, na wenziwe wote wamemtolea macho awasimulie. Ajuaye Kiingereza ndiye mwenye hadithi, asiyekijua huomba. Tulikuwa na desturi hiyo zamani za ukoloni, barua ya serikali ilipofika kijijini na karani akawa mfalme kwa siku moja. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Dunia ikiiheshimu lugha yetu, haitupendezi sisi wenyewe kungojea Kiingereza kitufungulie mlango wa hadithi ya Kichina.

Wale wanaotaka marufuku hawana dawa. Ukimnyang'anya mtoto chakula cha jirani na jikoni kwako hakuna moto, umemfunza nini ila njaa? Tena watu wa Tanga hawakuwa kamwe watu wa kuogopa cha mgeni. Vyama vya muziki vya Black Star na Lucky Star vya mji huu vilichukua gitaa la umeme vikalitia katika taarabu, na sauti ya Shakila ikasikika mwambao mzima. Hakuna aliyesema kwamba ile ni taarabu ya Wazungu. Chombo kilikuwa cha kigeni, lakini maneno, machozi na vijembe vilikuwa vyetu.

Tunao ushahidi mkubwa kuliko huo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Machui, alitoa kitabu cha Adili na Nduguze mwaka 1952. Mzizi wa kisa kile umo katika hadithi za Kiarabu za Alfu Lela Ulela. Shaaban Robert aliuchukua mzizi huo akaupanda katika udongo wetu. Katika hadithi ya Kiarabu ndugu wawili wenye husuda waligeuzwa mbwa. Katika kitabu chake wamekuwa manyani. Humo yumo jini wa kike aitwaye Huria, umo mji ambao watu wake waligeuka mawe, na yumo Mwelekevu, msichana aliyebaki hai peke yake katika mji huo akapendana na Adili, kisha akatupwa baharini kwa wivu wa ndugu. Ndugu wasomaji, mwataka mapenzi? Yamo. Mwataka majini? Wamo. Mwataka ahadi, usaliti na adhabu? Vyote vimo, kwa Kiswahili ambacho hakuna apitaye kukisahihisha.

Basi twauliza: ni vijana wangapi kati ya wale wanaobishana juu ya mti wa Tushan waliopata kubishana juu ya Mwelekevu? Ni wangapi waliomjua Adili kwa furaha, si kwa hofu ya mtihani? Wala mahali pa kuupigia picha mji wa mawe hatuhitaji kupakodi ng'ambo. Magofu ya Tongoni yapo, na bahari iko ubavuni mwake. Mapango ya Amboni yapo, yenye giza la kumtosha jini yeyote. Mto Pangani upo, na milima ya Usambara yenye ukungu ipo.

Tena katuni si kitu kigeni kwetu. Gazeti la Uhuru, lililokuwa la TANU, lilikuwa na Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory, na watu walianza kusoma gazeti kwa kumtafuta yeye kwanza. Baadaye wasomaji wa jarida la Sani walicheka na Lodi Lofa. Mbegu tulikuwa nayo. Wachina walipopata mbegu ya namna hiyo waliimwagilia: kutoka karatasi ikawa picha, kutoka picha ikawa mchezo, na mchezo ukafika barazani kwetu.

Atatokea mtu aseme: fedha ziko wapi? Tunamjibu kwamba hatusemi tuanze na farasi arukaye mawinguni. Tuanze walikoanzia wao, kwa kalamu na karatasi. Kijana wa Tanga ajuaye kuchora achore hadithi za kwetu, sura moja kila juma. Hadithi ikipendwa, isomwe redioni kwa sauti za wachezaji wa hapa hapa. Ikipendwa zaidi, ndipo kamera itafutwe. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hizo asilimia 4 ni za vijana. Kikundi cha vijana wachoraji na wachezaji kikija na mpango mzuri, kisiambiwe kwamba huo ni mchezo, kirudi na mpango wa kuku. Kuchora ni kazi, kutia sauti ni kazi, na kuandika ni kazi.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Halmashauri za Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga zivihesabu vikundi hivyo kuwa vya uzalishaji kama vingine. TBC na vituo vingine vya televisheni vidai kwamba mchezo wa kigeni unaonunuliwa kwa ajili ya wananchi uje na Kiswahili safi, uliotiwa sauti na watu wetu. Na matawi ya chama yafungue majengo yake jioni, vijana wapate mahali pa kusoma, kuchora na kuigiza, na wazee waje kuwasimulia ngano ambazo hazijaandikwa, kabla hawajaondoka nazo.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisema kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Roho hailindwi kwa kufunga madirisha. Waacheni dada zetu wabishane juu ya mbweha wa Tushan. Lakini tufanye kazi ili kesho wabishane pia juu ya Huria na Mwelekevu, na ili siku moja msichana wa China aizunguke simu pamoja na wenziwe, akiuliza kwa hamu yalimpataje Adili wa Tanga.