Kijana fundi, soma moshi kabla ya kushika spana

Kuna tabia moja iliyokita mizizi kwenye gereji zetu, na sisi vijana tunairithi bila kuuliza swali. Jenereta ya dizeli ikianza kutoa moshi usio wa kawaida, fundi anafika, anautazama sekunde mbili, anatoa hukumu: "Nozeli zimekufa hizi." Nozeli zinanunuliwa. Moshi bado uko. "Basi ni pampu." Pampu inafunguliwa. Wiki inaisha, mwenye mtambo mfuko umetoboka, na kumbe shida ilikuwa filta ya hewa iliyojaa vumbi!

Huo si ufundi bana, huo ni kubahatisha kwa pesa za mtu mwingine. Msimamo wangu ni huu: fundi asiyeweza kueleza moshi unasema nini hafai kuruhusiwa kuifungua injini.

Pengine utauliza, kwani jenereta ni kitu gani cha kutupigia kelele hivi? Kumbuka usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Katika uwanja wa ndege wa JKIA abiria walikaa gizani kwa sababu mtambo wa dharura ulikosa kufanya kazi ulivyotarajiwa. Waziri wa Uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi hadharani, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Desemba mwaka huo huo, giza likarudi.

Sisemi shida ya JKIA ilikuwa moshi. Nasema jenereta ya dharura haina siku ya mazoezi siku inapohitajika. Kwa uwanja wa ndege, ikikataa ni aibu. Kwa hospitali ndogo mashinani, yenye mama anayejifungua saa nane usiku na friji iliyojaa chanjo, ni jambo la kufa na kupona. Na mara nyingi mtambo huwa umelalamika miezi kadhaa kabla ya kukataa, kupitia ekzosi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Sasa, huo moshi unasomwa vipi? Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha mafuta. Inavuta hewa, inaigandamiza mpaka ipate joto kali, halafu nozeli inanyunyiza mafuta nayo yanawaka yenyewe. Kwa hivyo inahitaji vitu vitatu: hewa ya kutosha, mafuta yaliyopimwa vizuri, na joto la mgandamizo. Moshi ukibadilika, mara nyingi kimojawapo kimepungua ama kimezidi, au kuna mgeni asiyealikwa ameingia kwenye silinda: oili ama maji.

Kabla hujagusa boliti, jiulize maswali matatu. Moshi ni wa rangi gani? Unatoka wakati gani? Na mzigo wa stima ukiongezwa, unazidi ama unapungua?

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Anza na kitu cha bei rahisi: toa filta ya hewa uikague. Kisha tazama mabomba ya tabo kama yanavuja, na uangalie kama mwenye mtambo ameubebesha kuliko uwezo wake. Nozeli zinazodondosha badala ya kunyunyiza pia huleta moshi huu, lakini zisiwe ndizo unazozitaja kwanza.

Tena kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: mwinuko. Mtambo uliokuwa sawa kabisa Mombasa ukiupandisha Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unakuta hewa nyepesi. Kwa makadirio ya jumla, injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ukiifungia mzigo ule ule wa Pwani, itatoa moshi mweusi ilhali hakuna kilichoharibika. Hapo dawa ni kupunguza mzigo. Nozeli mpya hazitaiongezea hewa.

Moshi mweupe unataka pua pamoja na macho. Asubuhi ya baridi kule Limuru, mtambo ukitoa moshi mweupe kwa dakika moja mbili halafu ukaisha, wachana nao. Usipoisha, sikia harufu kwa mbali. Ukinuka dizeli na kuchoma macho, mafuta yanapita bila kuungua. Huenda nozeli ni mbovu, taimingi imehama, mgandamizo umepungua, au kuna maji kwenye dizeli. Hili la maji ni la kawaida sana kwa jenereta za dharura, kwa sababu mafuta hukaa tangini miezi na miezi yakikusanya unyevu. Fungua koki iliyo chini ya filta ya mafuta, toa maji, uone kama hali itabadilika. Hujatumia hata shilingi.

Lakini moshi mweupe usionuka dizeli, mzito kama mvuke wa sufuria, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovujia, hiyo ni habari nyingine. Maji yanaingia kwenye silinda: gasketi ya hedi imeungua ama hedi yenyewe ina ufa. Zima mtambo. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukikuta oili imegeuka rangi kama chai ya maziwa, usiiwashe tena injini hiyo hadi ifunguliwe. Na usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado moto.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Hapa pia anza na kijiti: je, kuna mtu alizidisha oili? Kama kiwango ni sawa, saa ndiyo itakuambia. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukapotea, shuku sili za valvu. Ukitoka muda wote na kuzidi mzigo ukiongezwa, shuku ringi na silinda. Ukikuta oili nyingi kwenye bomba la hewa linalotoka kwa tabo, basi mshukiwa wako ni tabo.

Nikifika hapa nawageukia wenye mitambo, kwa sababu nao wana kesi ya kujibu. Taasisi nyingi zina desturi ya kuwasha jenereta kila wiki kwa dakika tano bila kuipa mzigo wowote, halafu mlinzi anaandika kwenye daftari "iko sawa". Nyingine zilinunua mtambo wa kilowati 80 na zinautumia kwa mzigo wa kilowati 10. Zinadhani zinaupumzisha, kumbe zinauua polepole. Injini isiyobeba mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, yanachanganyika na masizi na oili na kuwa utomvu mweusi unaodondoka kwenye ekzosi. Miezi inapita, kuta za silinda zinakuwa laini kama kioo, ringi hazishiki tena, na moshi wa buluu unaanza. Kanuni ya NFPA 110 inayotumiwa Marekani hutaka mtambo wa dharura ujaribiwe angalau mara moja kwa mwezi, kwa dakika 30, ukibeba mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Hata sisi tunaweza kufanya hivyo. Ni kupanga tu.

Najua jibu ambalo mafundi wenzangu watanipa: "Mteja wa Kenya halipii macho, analipia spea." Ni kweli, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Fundi akitumia saa nzima kuchunguza na kugundua ni maji kwenye filta, anapewa mia mbili ya soda. Akibadilisha nozeli ambazo hazikuwa na kosa, anaondoka na maelfu. Tukiendelea kulipa hivyo, mbona tushangae tukidanganywa?

Kwa hivyo kijana, taja ada ya uchunguzi kabla hujaingia kazini, na umwandikie mteja ulichokiona: rangi, wakati, mzigo, na kwa nini unashuku unachoshuku. Una simu yenye kamera, itumie. Piga video ya ekzosi mtambo ukiwaka, ukiwa bila mzigo, na ukiwa na mzigo, uihifadhi. Mwezi ujao utailinganisha. Nawe mteja, usinunue spea yoyote kabla hujaambiwa sababu. Fundi akikasirika kwa sababu umemuuliza, umeshapata jibu lako.

Na tuchunge afya zetu pia. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Simama upande upepo unakotoka, usiusomee moshi ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ekzosi inayoonekana safi bado inaweza kukuua.

Kazi ya jenereta itakuwapo maadamu stima yetu inapotea. Vyeti vya majaribio ya NITA vitakusaidia kupata mlango, na ni vizuri uvitafute. Ila atakayeitwa tena na tena ni yule anayefika, akasimama kando ya mtambo dakika kumi mikono mfukoni akitazama, kisha akasema, "Mama, hapa hununui kitu leo. Tusafishe filta kwanza."