Viongozi wapya wa chama cha wasomi waanzie Arua

Jina la mkoa wetu limo katika vitabu vya madaktari dunia nzima. Mwaka 1937 mwanamke mmoja wa Omogo, hapa West Nile, alitolewa damu na watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe. Katika damu ile vikaonekana virusi visivyojulikana, navyo vikapewa jina la West Nile. Mwaka 1999 virusi hivyo hivyo viliua watu New York. Niliwauliza wenzangu wa sokoni Arua, na wale wa Koboko wanaovukia Oraba kwenda Kaya, kama wanajua habari hiyo ilianzia wapi. Wengi walicheka wakidhani nawatania.

Ndugu msomaji, naanza na hili kwa sababu kuna chama ambacho kazi yake ilikuwa kutunza habari za namna hii. Uganda Society ilianzishwa Entebbe mwaka 1923 ikiwa chama cha fasihi na sayansi, ikachukua jina la sasa mwaka 1933, na mwaka uliofuata ikatoa jarida lake, Uganda Journal. Kisha ikaja miaka ya 1970. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, Wazungu wakafungasha, wasomi wazalendo wakakimbilia Nairobi na kwingineko. Wanachama wakapukutika na jarida likayumba. Tangu hapo kila uongozi unaochaguliwa hurithi swali lile lile: wanachama watatoka wapi?

Kawaida viongozi wapya wa vyama vya aina hii huanza na ada. Huandika barua kwa wanachama wa zamani, huandaa chakula cha jioni Kampala, hupiga picha. Mimi naona wanatafuta ng'ombe katika zizi ambalo wenyewe waliliacha wazi. Watu wapo, ila hawajawahi kuambiwa kwamba maarifa hayo ni yao.

Hapa Kuluva, kilomita chache kutoka Arua, Dk. Ted Williams aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1961 yeye, Denis Burkitt na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini wakifuatilia saratani ya taya ya watoto. Katika miaka ya 1970 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu, na matokeo ya mwaka 1978 yakasaidia kuonyesha uhusiano wa saratani hiyo na virusi vya Epstein-Barr. Je, ni mzazi gani wa Koboko aliyeletewa majibu hayo kwa lugha anayoielewa?

Sisi tuliorudi kutoka Zaire na Sudan tunajua thamani ya maandishi. Baba yangu alivuka mpaka mwaka 1980 na watoto na sufuria. Karatasi zote ziliteketea. Tuliporudi, mpaka wa shamba letu ulikuwa mti mmoja na kumbukumbu ya mzee mmoja, na mti ulikuwa umekatwa. Kwa hiyo nisikiapo kwamba Uganda Journal ilichapa sehemu za shajara za Emin Pasha, aliyekaa Wadelai, sioni habari ya wasomi peke yao.

Wapo walioonyesha njia. NatureUganda, tawi la chama cha mambo ya asili kilichoanza mwaka 1909, lilianzishwa miaka ya 1990 na likawatoa watu nje kutazama na kuhesabu ndege. Mtu aliyehesabu ndege hahitaji kubembelezwa ajiunge.

Basi uongozi mpya ufanye mkutano mmoja Arua, mwingine Koboko. Makala zote za West Nile zinakiliwe, ziwekwe mahali penye meza na taa, na zisomwe kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Ada ilipwe kwa simu, kidogo kidogo, kama tunavyochanga katika vikundi vyetu vya akiba. Na jarida liandike yetu ya karibuni, tangu kukimbia hadi mauaji ya Ombaci ya Juni 1981, kutoka vinywani mwa walioyaona. Aliyekuwa na miaka 30 siku ile sasa amepita 70.