Kodi ya mauzo mtandaoni: Haki kwa majimbo, mzigo kwa wachuuzi wadogo

KWA miaka 26, mwenye duka katika majimbo mengi ya Marekani alilazimika kumtoza mteja kodi ya mauzo, ilhali muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa jimbo jingine hakubanwa na sharti hilo. Chanzo kilikuwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1992, katika kesi ya kampuni ya Quill dhidi ya North Dakota, kwamba jimbo haliwezi kumshurutisha muuzaji kukusanya kodi iwapo hana ofisi, ghala wala wafanyakazi humo.

Kisheria, mnunuzi ndiye aliyepaswa kuwasilisha kodi hiyo mwenyewe. Ni wachache mno waliofanya hivyo.

Hasara hiyo iliiuma zaidi South Dakota, ambayo haitozi wakazi wake kodi ya mapato na hutegemea sana kodi ya mauzo. Mnamo Juni 21, 2018, majaji watano dhidi ya wanne waliipa ushindi dhidi ya kampuni ya Wayfair na kuitangua kanuni ya Quill.

Waama, haki ilitendeka. Haifai bidhaa moja itozwe kodi dukani na kusamehewa mtandaoni. Hata hivyo, anayedhani kwamba waliobanwa ni vigogo pekee amekosea. Kufikia Aprili 2017, Amazon ilikuwa tayari ikikusanya kodi kwa bidhaa zake yenyewe katika majimbo yote 45 yanayoitoza.

Aliyeelemewa ni mchuuzi mdogo. Sheria ya South Dakota ilimlenga aliyeuza humo bidhaa za zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au aliyefikisha miamala 200. Hivyo basi, aliyewauzia wateja 200 kikombe kimoja kimoja cha dola 10 alipata dola 2,000 tu, lakini alibebeshwa wajibu sawa na tajiri. Jimbo hilo lilifuta kigezo cha miamala mnamo 2023, nayo California ilichagua kiwango cha dola 500,000.

Tofauti hizi zingeepukika. Mnamo 2013, Seneti ilipitisha mswada uliowaondolea wajibu huo wenye mauzo ya mbali yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, lakini ukakwama katika Baraza la Wawakilishi. Jaji Mkuu John Roberts, aliyepinga uamuzi wa 2018, alishikilia kuwa suala hilo lingeachiwa Bunge.

Mgala muue na haki umpe. Majimbo yapate kodi yao, ila Bunge liweke kiwango kimoja kinachopima thamani ya mauzo, wala si idadi ya vifurushi.