AFYA YAKO: Pima Macho Kabla Giza Halijaingia

Iwapo nyumbani kwako kuna mgonjwa wa baridi yabisi au wa lupasi, huenda anameza haidroksiklorokwini kila siku. Dawa hii ni ndugu ya klorokwini, ile chungu tuliyomeza kwa malaria kabla Kenya haijaibadilisha mwaka wa 1998. Ya malaria ilimezwa siku tatu tu. Hii humezwa kwa miaka, na hapo ndipo macho yanapoweza kudhurika.

Madhara huingia katika retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mara nyingi huanza kandokando ya kitovu cha kuona. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kusoma herufi zote ukutani kwa daktari, kumbe ufa umeshaingia. Baadaye ndipo maneno humpotea akisoma gazeti. Sehemu iliyokufa hairudi, hata dawa ikiachwa.

Ufa huo hutafutwa kwa kipimo cha eneo la kuona. Unaegemeza kidevu kwenye mashine, jicho moja limefunikwa, unakazia macho nukta ya katikati. Taa ndogondogo huwaka hapa na pale. Ukiiona moja, bonyeza kitufe. Kompyuta huchora ramani ya mahali usipoona. Hakuna sindano wala maumivu. Pamoja nacho, daktari hupiga picha ya tabaka za retina.

Mwongozo wa wataalamu wa macho wa Marekani wa mwaka wa 2016 unashauri kipimo cha kwanza katika mwaka wa kwanza wa dawa, kisha kila mwaka baada ya miaka 5. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia tamoksifeni ya saratani ya matiti, aanze mapema zaidi.

Dozi isipite miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 asizidishe miligramu 300. Dozi ikifuatwa, wanaodhurika katika miaka 5 ya mwanzo hawafiki mmoja kwa mia. Baada ya miaka 20 hukaribia 20 kwa mia.

Lakini usiitupe dawa kwa hofu, kwani lupasi isiyotibiwa huweza kuharibu figo. Muulize daktari wako: nimetumia miaka mingapi, na nilipimwa lini? Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu haujengeki.