Dinga la Spoti la Kukaa Nalo Miaka Kumi Mombasa: Usinunue Sauti, Nunua Chuma

Wasee wa Mombasa tuna bahati moja ambayo Nairobi hawana. Meli za magari ya mtumba zinatia nanga Kilindini, mlangoni petu. Gari likishuka linapelekwa kwa yadi za Changamwe, Mikindani ama Miritini kungoja karatasi, na barobaro wa Magongo anaweza kulipita kwa miguu kabla hata mwenyewe aliye Nakuru hajajua limefika. Ndiyo maana homa ya dinga la spoti hapa haipoi. Kila maskani kuna msee mmoja anaseti doo polepole, chama huku, Sacco kule, akingoja siku yake.

Shida si kununua. Shida ni mwaka wa tatu. Ingia Kisauni, Likoni ama Jomvu ndani ndani utaziona: STI juu ya mawe, RX-8 iliyogeuka kitanda cha paka, GTI inayongoja kifaa cha giaboksi tangu mwaka juzi. Mwenyewe bado analipa mkopo, na kazini anaenda na matatu.

Kwa hivyo swali la leo si dinga gani lina mbio zaidi. Swali ni utakaa na lipi miaka kumi, upande huu wa maji, bila kulia. Na sheria na kodi za sasa zimebadilisha jibu.

Mlango unafungwa polepole

Kiwango cha KEBS, KS 1515:2000, hakiruhusu gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kila Januari, mwaka mmoja unakatwa. Mwaka 2026 linaingia gari lililosajiliwa kuanzia Januari 2019. Mwaka 2027 itakuwa 2020 kwenda juu. Mwaka 2028, 2021.

Sasa weka hiyo kalenda kando ya magari tunayoyaota:

- Mitsubishi Lancer Evolution: Ya mwisho, Evo X Final Edition, ilitoka 2015. Mlango ulishafungwa kitambo.
- Mazda RX-8: Kiwanda kilisimama 2012. Hiyo sahau.
- Subaru WRX STI: Oda za Japan zilifungwa mwisho wa 2019, Subaru ikaaga na toleo la EJ20 Final Edition, magari 555 tu. Zilizobaki za kuingia ni za kuhesabu kwa vidole, na ikifika 2028 ndiyo basi.
- Toyota Mark X: Ilikoma kutengenezwa Desemba 2019. Nayo iko dakika za lala salama.

Maana yake nini? Hizo legendi sasa utazipata zile zilizomo nchini tayari, na zilizomo nchini zinazidi kuzeeka. Nyingi zimepita mikono minne, mitano. Msee akikuambia "hii ni adimu, chukua haraka", kuhusu uadimu hadanganyi. Anachonyamazia ni kwa nini yeye anaiuza.

Na ndugu yako wa Dubai asikuchome na picha. Magari ya kule usukani uko kushoto, na Kenya inasajili ya usukani wa kulia. Bei inaweza kuwa tamu vipi, gari hilo si lako.

KRA naye anakaa mezani

Tangu Julai 2023 ushuru wa kuingiza gari ni asilimia 35, kutoka 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao unategemea ukubwa wa injini: asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc, asilimia 25 ikizidi hapo, na asilimia 35 kwa petroli iliyopita 3000cc. Halafu VAT ya asilimia 16 juu ya vyote hivyo.

Tuifanye rahisi. Chukua kila shilingi 100 ya thamani ambayo KRA imelikadiria gari:

- Injini ya 1500cc kushuka: kodi inakuwa karibu shilingi 88.
- Injini ya 2000cc: karibu shilingi 96.
- Injini ya 3500cc: karibu shilingi 111.

Hapo bado ada ya tamko la forodha na ile ya reli. Yaani ukiagiza Mark X ya 3.5, serikali inachukua zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Na kumbuka KRA wanaanza hesabu na bei yao ya gari likiwa jipya, wakitoa asilimia ya uchakavu. Bei uliyobargain na Mjapani haiwahusu.

Kwa msee wa kawaida hii inasema jambo moja: injini ndogo inaanza kukusevu kabla haijashuka melini.

Adui wa Pwani si kasi, ni chumvi

Hapa ndipo ushauri wa video za majuu unatuangusha. Wao wanaongea nguvu za farasi. Sisi tunaishi na upepo wa bahari mwaka mzima. Gari linalolala Shelly Beach ama Mtongwe na kuvuka feri kila asubuhi linakula chumvi mchana na usiku. Injini unaweza kubadilisha. Chesisi iliyooza hubadilishi, unaizika.

Kutu inaanza pale usipoangalia: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango, pale shoki zinapofungwa juu, kwa mabomba ya breki, na chini ya zulia la buti. Ndiyo maana gari lililochomelewa na kupigwa rangi mpya kabisa liogope kuliko lenye mikwaruzo ya kweli. Rangi mpya Pwani mara nyingi ni nguo ya maiti.

Ongeza joto. Turbo, rejeta na mabomba ya raba hapa hayapumziki. Ongeza foleni ya malori Changamwe, ambapo injini inanguruma nusu saa bila upepo wa mbele. Ongeza matuta ya mtaani na mvua ya Aprili na Mei, barabara zikigeuka mito na dinga lililoshushwa chini linameza maji. Mwenye bampa la kugusa lami anafurahia Dongo Kundu, lakini kufika kejani kwake Bombolulu ni adhabu.

Tuyapime moja moja

*Subaru WRX STI.* Heshima zake ziko palepale. Injini ya EJ20 ni ngumu ikitunzwa, lakini inataka oili safi kwa wakati, taiming belti kila karibu kilomita laki moja, na petroli nzuri. Kule Japan iliseti moyo wake kwa petroli ya premium inayokaribia oktani 100. Super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Ukiisukuma kwa nguvu na petroli ya chini, pistoni ndizo zinalipa. Uzuri wake: fundi wa Subaru hakosekani Mombasa. Ubaya wake: zilizobaki nyingi zimechezewa. Chukua ambayo haijaguswa kompyuta wala turbo, ama uache.

*Mazda RX-8.* Bei yake inakuita kwa sababu. Injini ya rotari inachoma oili kwa maumbile yake, na sili zake zikiisha nguvu hutaiwasha ikiwa moto. Mafundi wanaoijua vizuri ni wachache. Ya miaka kumi? Hapana, bro.

*Volkswagen Golf GTI.* Starehe ndani, nguvu safi, sauti ya kiungwana. Lakini giaboksi ya DSG yenye klachi za mafuta inataka oili yake ibadilishwe kila kilomita 60,000, na mabosi wengi wa kwanza na wa pili hawajui hata ipo. Kama hakuna rekodi ya sevisi, unanunua deni la mtu mwingine.

*Toyota Mark X 2.5.* Si spoti kamili, lakini ni V6 ya kusukuma magurudumu ya nyuma, na chini yake ni Toyota. Inatumia cheni badala ya belti, spea ziko kila kona, na fundi yeyote wa Magongo anaifahamu. Angalia inavyotulia ikiwaka bila kwenda; ikitetemeka, mara nyingi ni kaboni kwa vali. Hasara yake ni kiu.

*Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ.* Hii ndiyo spoti ya kweli ambayo mlango wake bado uko wazi kidogo. Ilianza 2012, kizazi cha kwanza kikaisha 2021. Injini ya 2000cc, haina turbo, gari jepesi. Hakuna turbo maana yake ni joto kidogo, mabomba machache, vitu vichache vya kufa. Shida ni viti vya nyuma ambavyo ni vya mkoba wa shule, si vya shangazi. Kama una familia, jiulize mara mbili.

*Suzuki Swift Sport.* Wengi watacheka hapa. Wacheke tu. Ile ya tangu 2017 ina turbo ndogo ya 1371cc ndani ya gari lisilofika tani moja. Inaingia kwa ushuru wa chini, ina milango mitano, inapita matuta, na inakwenda sana kuliko sura yake. Mabosi wa mbogi hawatageuka kuitazama. Lakini miaka kumi ijayo kuna uwezekano mkubwa wewe ndiye utakuwa bado unaendesha.

Petroli ndiyo mkopo usioisha

EPRA wanatangaza bei kila tarehe 14, na Mombasa huwa tuko chini ya Nairobi kidogo. Isikulevye. Piga hesabu yako.

Tuseme unaendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni kilomita 1,040. Dinga la kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 130. La kilomita 16 litakunywa lita 65. Tofauti ni lita 65 kila mwezi, lita 7,800 kwa miaka kumi. Kwa bei ya mfano ya Sh180 kwa lita, hiyo ni Sh1,404,000.

Soma tena hiyo namba. Ni dinga lingine zima, umelichoma kwa silensa.

Kabla hujatoa hata shilingi

1. Lione asubuhi likiwa baridi. Muuzaji aliyelipasha moto kabla hujafika anaficha kitu. Sikiliza dakika ya kwanza, tazama moshi: wa samawati ni oili, mweupe mzito usioisha ni maji yanaingia kwa injini.
2. Lipandishe kwa jeki ama shimo la fundi. Piga chini kwa bisibisi. Pakilia kama boksi la karatasi, ondoka.
3. Kama linatoka Japan, dai karatasi ya mnada. Gredi ya R ama RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Na kilomita za kwenye karatasi zilingane na za dashibodi.
4. Kama liko nchini, toa rekodi za NTSA kupitia eCitizen. Jina lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na uone kama benki bado imeweka mkono.
5. Enda na fundi wako, si wa muuzaji. Mlipe siku yake. Ni pesa kidogo kuliko hed gasketi.
6. Ulizia spea kabla ya gari. Zunguka maduka uulize bei ya rejeta, klachi na shoki mbili za mbele. Ukijibiwa "hiyo lazima tuagize" mara tatu, umeshapata jibu.
7. Piga simu ya bima. Gari likizeeka sana, kampuni nyingi hukataa kuliwekea bima kubwa, na hapo likiibwa ama kugongwa ni juu yako.
8. Weka kando robo ya bajeti. Kama una laki nane, tafuta la laki sita. Hizo mbili ni za mwaka wa kwanza: oili zote, belti, breki, matairi, na dawa ya kuzuia kutu chini.

Ukishalipata, kulitunza Pwani ni nidhamu ndogo ndogo: lioshe chini na maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, usiliache juani mwaka mzima, badilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema kwa sababu foleni ni kazi pia.

Somo la 1993

Mwaka huo Subaru walileta kwa Safari Rally kagari kanaitwa Vivio, injini ya 660cc, ndogo kuliko ya baadhi ya pikipiki kubwa. Colin McRae, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, alikaendesha kama mwizi anayefukuzwa, na kakamfia njiani. Mkenya Patrick Njiru alikuwa na kagari hako hako. Yeye alikasikiliza, akakapumzisha panapohitaji, akafika mwisho na kushinda daraja lake.

Gari moja, barabara moja. Tofauti ilikuwa nani anajua safari ni ndefu.

Kwa hivyo mwanangu, kama roho yako iko kwa STI, na umeipata safi, haijachezewa, na doo ya kuilisha iko, ichukue na uitunze kama yai, hazitakuja tena. Lakini kama unakopa ili wasee wa maskani wageuze shingo, jua kwamba shingo zinageuka wiki mbili tu. Mkopo unakaa miaka mitatu. Kutu haiondoki.